Kiboko Aliyelikalia Zeze

"Paukwa!"

"Pakawa!"

"Kivivu hivyo, nani kawalisha maharage? Paukwa, nasema!"

"PAKAWA!"

Haya, sasa mmeamka. Palikuwa na nchi ya wanyama, nchi yenye raha zake: ngoma, vinyago, magitaa ya dansi, vitabu vya tenzi. Palikuwa na Kiboko pia, na huyo ndiye aliyeleta nuksi.

Siku moja Kiboko akapita nyumba kwa nyumba, tii, tii, tii, akakusanya vyote. "Huu ni urithi wa nchi," akasema. "Urithi ukiguswa unachakaa. Nitautunza mimi." Akavifungia kwake. Zeze moja la kale akalitia ndani ya sanduku, na sanduku akalikalia, puu! Kupiga hajui, vidole vyake vinene hata uzi mmoja havishiki. Lakini kutwa anasema, "Vyangu, vyangu!"

Sasa zeze lile lilikuwa la bibi yake Nyenje, yule mdudu mdogo mwenye kelele nyingi. Na Nyenje alikuwa na mtoto mchanga. Desturi ya nchi ile, mtoto hapewi jina mpaka zeze hilo lilie uani. Zeze limekaliwa, jina litoke wapi? Watoto wote waliozaliwa tangu hapo wakawa wanaitwa "Wewe." Nyenje akiita, "Wewe, njoo ule!" wanakuja watoto wa mtaa mzima, mpaka wa Tembo! Nyenje akacheka, kisha akalia kweli kweli. "Hapana," akasema, "mwanangu hatakua bila jina."

Akaenda kwa Kiboko.

"Hodi!"

"Karibu, ila usiguse kitu."

"Shikamoo, babu. Sigusi. Nimekuja kukuimbia tu. Dansi, tena lenye chemko."

Lo! Kiboko mate yakamtoka hata marahaba akaisahau. Mnalijua dansi nyie: mwanzo mwimbaji anabembeleza, watu wamekaa wanatikisa vichwa. Halafu gitaa linachachamaa, hilo ndilo chemko, hata mwenye goti bovu anaruka. Kiboko hakuwa amesikia chemko tangu alipovifungia vyombo, na alilitamani kuliko nyasi mbichi.

Nyenje akaanza, chirii, chirii, taratibu. Akaimba ubeti wa kwanza. Akaimba wa pili. Akarudia wa kwanza.

"Chemko liko wapi?" Kiboko akauliza.

"Laja, babu. Ila bila ngoma haliji."

"Chukua ngoma!"

Ngoma akapewa Kima aliyekuwa dirishani. Ndi! Ndi! Nyenje akarudia tena ule ubeti wa kwanza, polepole, mpaka Kiboko akawa anajiuma ulimi.

"Chemko liko wapi, mwanangu, unaniua!"

"Laja, babu. Ila bila gitaa haliji."

"Chukua gitaa! Chukua na tarumbeta, mpe Korongo, chukua!"

"Na wachezaji hawa waliojaa mlangoni, babu, wasipovaa vinyago hawachangamki."

"Wapeni!"

"Na kiitikio kimo vitabuni..."

"Toa vitabu! Toa vyote! Lakini sanduku hili silitoi. Hapa siondoki, hata mnivute kwa kamba."

"Nani kakwambia uondoke?" Nyenje akasema. "Kaa, babu. Kaa sana."

Akamkonyeza Kima.

Ting'iri-ting'iri-ting'iri! Ndi-ndi-ndi! Pa-paa! Kiboko akalishika sanduku. Akatikisa sikio. Akatikisa sikio la pili. Tako moja likainuka. "Siondoki," akasema, "siondo..." Huyooo! Yuko katikati ya sakafu, tumbo linakwenda kulia, mkia unakwenda kushoto, macho kayafumba kwa raha. "Hapo hapo! Msipunguze!"

Sanduku likabebwa, likatokea mlango wa nyuma.

Kiboko alipochoka akarudi kukaa. Puu! Chini. Akapapasa huku, akapapasa huku, akatoka nje mbio analia, "Urithi wangu! Mmeuua!"

Mara akasimama. Uani kwa Nyenje zeze lilikuwa linalia, zwe-zwe-zwe, na wanyama wote wanaitikia. Nyenje kamwinua mwanawe juu, machozi yanamtiririka. "Jina lake Chemko!" Vigelegele! Na wa Tembo akapata lake, na wa Kima, wote.

Kiboko akajikuna. Akasogea. Akasogea tena. "Na mimi," akauliza kwa haya, "naruhusiwa kuitikia?"

"Itikia, babu," Nyenje akasema. "Ila usikalie kitu."

Basi, fundisho ni hili, watoto, mlishike: ukiwa umekalia vitu vya watu, kaa imara, na muziki usiusikilize hata kidogo. Dansi limewaharibu wengi! Mnacheka nini? Mbona mabega yanawatikisika?

Hadithi yenyewe mimi sikuikalia. Ibebeni, mkaipige kwenu.