Zimwi Litakula

Sogeeni karibu, wenzangu, hadithi ina njaa.

Palikuwa na mama, Mwanasiti, na mwanawe Athmani, aliyekuwa ndiyo kwanza anajifunza kutembea. Homa ilimwacha mtoto mifupa mitupu, na kila akiletewa uji alifumba mdomo. Mama akambembeleza, akakataa. Akamwimbia, akakataa. Mwishowe subira ikamwisha.

"Usipokula, zimwi litakula."

Mlango ukafunguka wenyewe. Zimwi likaingia limeinama, mate yakilidondoka.

"Mama, umesema litakula. Nimekuja kumla."

Neno likishatoka halirudi. Mwanasiti akaligeuza kichwani, akaona lina milango miwili.

"Nimesema litakula uji," akajibu. "Kaa ule."

Zimwi likanung'unika, lakini lililoitwa kwa neno hufungwa na neno. Likaketi, likashika kijiko. Cha kwanza likameza. Cha pili likameza, likalamba midomo.

"Huu ukiisha naye hajala, ni wangu."

Ukabaki uji wa kijiko kimoja. Mama alitamani kupiga kelele, kumkaba mtoto, kumlisha kwa nguvu. Akajikaza. Kijiko cha tatu kilipoinuka, kiganja kidogo kikakidaka.

"Changu," Athmani akasema, akala.

Zimwi likatoka kinyumenyume, na njaa yake.

Tangu hapo, kwao mtoto akikataa uji, mama huonja yeye kwanza, taratibu, mbele ya macho yake. Zimwi hawalitaji. Uji wenyewe hautoshi wageni.

Hadithi imeshiba, nasi tukalale.