Vito vya Kifaru Vilivyomwagiwa Maji

Hapo zamani za kale, wajukuu, kabla hamjazaliwa nyinyi na ubishi wenu, jua liliwaka mpaka mito ikakauka. Kikabaki kisima kimoja tu, juu ya mwamba, uani kwa Kifaru.

Kifaru akatangaza: "Maji kwa kito! Asiye na kito na ameze mate yake."

Wanyama wakatoa vito vyote walivyorithi. Fisi, shemeji yake Kifaru, akavipokea na kuvitupa ghalani. Vikalala huko, vumbi juu ya vumbi.

Bi Pimbi alikaa chini ya mwamba huohuo, kwenye nyufa. Mjane. Kito chake cha mwisho alikwisha kukitoa. Juzi alimzika kifungua mimba wake, na sasa kitinda mimba hakuwa na nguvu hata ya kulia. Bi Pimbi hakulia pia. Machozi nayo ni maji. Alijifunga kanga, akawaambia majirani, "Kingeni vyungu hapa kwenye ufa, na mnyamaze." Akapanda.

"Hodi!"

"Kito kiko wapi?" akauliza Fisi.

"Sina, baba. Nimekuja kuviona tu vya bwana mkubwa. Nasikia havina mfano."

Sifa hiyo ikamwingia Kifaru kama mafuta ya nazi sikioni. "Mtolee, shemeji! Mkia hana, basi apate hata cha kusimulia."

Fisi akamwaga kikapu. Kwacha! Bi Pimbi akatazama, akaguna.

"Mh! Ndivyo hivi? Kwetu mawe haya tunatelekea chungu."

"Unasemaje?" Kifaru akapiga mguu chini, dii!

"Hasira za nini, bwana? Vumbi limevifumba macho. Kito hutazamwa kikiwa kimelowa, tena juani. Vipange pale mteremkoni, uvimwagie maji, ndipo utajua una nini."

Fisi akamwaga kata ya kwanza. Chwaa!

Lo! Yakuti ikawaka nyekundu kama punje ya komamanga. Zumaridi ikawa jani changa la masika. Yakuti samawi ikawa kama anga kabla jua halijachomoza. Na almasi, iliyofanana na bonge la chumvi, ikalidaka jua na kulirusha usoni mwa Kifaru. Hata Bi Pimbi alisahau kidogo alichojia. Uzuri ni uzuri, hata ukiwa mkononi mwa dhalimu.

Kisha jua likavikausha. Vikapauka.

"Vinazimika!" Kifaru akafoka. "Mwaga! Leta na vingine! Mwaga!"

Chwaa! Chwaa! Fisi akachota, ulimi nje. Maji yakateremka mwambani, yakazama ufani, chururu, chururu, mpaka vyunguni.

Mwisho kata ikakwangua. Kwaruu!

"Shemeji," Fisi akanong'ona, "ni tope."

Jua lilikuwa kali. Kifaru akaiokota almasi, akailamba. Kavu. Huko chini akasikia mtoto analia, kilio cha aliyekwisha kunywa.

"Bi Pimbi! Dada yangu! Funda moja tu!"

Bi Pimbi akashuka, akarudi na kata imejaa.

"Nikupe kito gani?" akauliza Kifaru.

"Kunywa. Mwanangu niliyemzika hakuvaa kito, alitaka maji haya tu."

Kifaru akanywa, kichwa chini.

Hadithi imekauka hapa, nalo koo langu vilevile: mchoyo humwaga kwa mkono wake alichomnyima mwenzake.