Jinsi Mlima Ulivyopata Mdomo

Mlima ule mnaouona ukitoa moshi, msidhani ulikuwapo tangu mwanzo. Sogeeni niwaambie, na mwenye kutaka kusinzia asinzie sasa hivi, asinikatize baadaye.

Wakati huo nchi yetu ilikuwa tambarare kama sinia. Hapakuwa na mlima, wala bonde, wala ziwa. Chini ya ardhi moto ulikuwapo kama ulivyo leo, ukitokota bila kupumzika, na pumzi yake ilitoka taratibu kupitia nyufa zilizotapakaa kila mahali. Ardhi ilitulia.

Kosa lilitoka kwetu sisi wafinyanzi. Mfinyanzi akiona ufa, mikono inamwasha! Tusekile, mkuu wa wafinyanzi wote, hakuweza kuvumilia kutembea juu ya nchi yenye nyufa. Aliwakusanya wanawake, wakakanda udongo, wakaziba kila ufa, kisha wakasugua kwa kokoto mpaka nchi nzima ikang'aa. Walijisifu mno. Hata mimi ningejisifu.

Haukupita muda, ardhi ikaanza kutetemeka. Nyumba zilianguka, zikajengwa, zikaanguka tena, mpaka watu wakawa wanalala nje. Anyisile, binti yake Tusekile, alijifungua mvuani, na kichanga kikafa kwa baridi. Alipopata mimba nyingine alimwuliza mama yake, "Mama, na huyu nitamzalia wapi?" Tusekile alirudi kwenye udongo wake. Akaziba tena nyufa, safari hii kwa udongo mzito zaidi, na ardhi ikatetemeka kupita mwanzo.

Siku moja alikuwa akichoma vyungu vyake, kimoja kikapasuka motoni kwa kishindo. Sababu yake kila mfinyanzi anaijua: umeacha hewa ndani ya udongo, nayo ikipata joto hutafuta njia. Tusekile alivitazama vile vigae, kisha akaitazama ardhi aliyosimama juu yake. Hapo akalia kwa sauti, maana alielewa ni nini kilichomwua mjukuu wake.

Alipomaliza kulia alichukua jembe, akaenda moja kwa moja kwenye ufa mkubwa kuliko zote, ule alioupamba kwa mikono yake mwenyewe.

"Mama, kazi nzuri hivi unaivunja?" wanawake wakamwuliza.

"Nzuri kwa nani? Chimbeni!"

Wakachimba wote mpaka udongo ukaanza kufoka mvuke, wakatimua mbio. Moto ukatoka kwa ngurumo, ukarusha mawe na majivu, yakalundikana mpaka yakawa mlima wenye mdomo wazi. Upande wa pili, ardhi iliyokuwa imevimba kwa pumzi ikadidimia, likawa bonde refu, na mito ikakimbilia humo mpaka likajaa ziwa. Kisha kukawa kimya. Ardhi haikuangusha nyumba tena! Watu walipiga vigelegele mpaka sauti zikawakauka, na Tusekile akacheza ngoma na jembe lake begani.

Anyisile alijifungua ndani ya nyumba. Mtoto wakamwita Lutengano, yaani amani, na migomba iliyopandwa kwenye yale majivu ilizaa mikungu ya kubebwa na watu wawili.

Na tangu siku hiyo mlima hauzibwi mdomo, na ardhi ikitikisika kidogo tunajua inapumua tu. Na tangu siku hiyo, mwanamke wa kwetu akikaribia kujifungua hujengewa nyumba mpya, tena ya udongo, wala hakuna anayeuliza kama itasimama.