Diski ya Watatu, Kanga ya Nani?

Haya, sogeeni. Mwenye kikohozi akohoe sasa, maana nikishaanza sipendi kukatizwa. Na mwishoni nitawauliza, kwa hiyo asisinzie mtu.

Walikuwapo Tanga, mtaa wa nyuma ya soko, watu watatu wenye vipawa, na mwanamke mmoja mwenye hasira.

Wa kwanza ni Siwatu. Kipawa chake ni kutunza. Siwatu hatupi kitu. Ukitaka kifuniko cha chupa iliyovunjika mwaka juzi, nenda kwake. Zamani alikuwa muuzaji katika duka la kompyuta, na kila diski iliyopita mikononi mwake aliinakili, akakumbuka inatibu maradhi gani. Kitu pekee alichowahi kupoteza ni mume, na huyo hakumtupa, alichukuliwa na shoga yake.

Wa pili ni Kidawa. Kipawa chake ni kupanga. Vijiko vyake vimelala kwa urefu, vitunguu vyake kwa ukubwa, na akikaa mbele ya kompyuta huandika maelekezo mistari mia mbili bila kukosa nukta. Anaishi jiko moja na mama mkwe wake, ambaye kila asubuhi huvuruga vile vijiko makusudi. Msiniulize nimejuaje.

Wa tatu ni Mzee Chande, fundi redio. Kipawa chake ni mikono. Mashine iliyokufa akiishika, inaona haya kuendelea kufa. Mtaa mzima ni yeye tu aliyebaki na mashine ya kuchomea diski. Wenzake waliziuza zote kwa wanunua vyuma. Lakini kama mikono ni ya dhahabu, ulimi ni wa shoka. Mkewe, Bi Mosi, yuko Muheza kwa kaka zake, huu mwaka wa tatu.

Na mwenye hasira ni Bi Havijawa, mchora kanga, shangazi yake Siwatu na mama mkwe wake Kidawa. Ndiyo, mvuruga vijiko.

Jumatatu asubuhi Bi Havijawa aliwasha kompyuta yake amalizie kanga. Pindo lilikuwa tayari, mji ulikuwa tayari, yale maua ya katikati yaliyomla miezi mitatu. Lilikuwa limebaki jina tu, yale maneno ya chini. Gari la kiwanda lingepita Alhamisi saa sita mchana kuchukua michoro. Kwa miaka miwili matajiri wa kanga walikuwa wakimpita kama hawamwoni, na sasa mmoja alikuwa amemrudia, kwa sharti moja: akikosa Alhamisi, kazi anapewa mwingine na asimpigie tena simu.

Kompyuta ikaonyesha giza, na kistari kimoja cheupe kinapepesa.

Bi Havijawa akabonyeza. Akabonyeza kwa nguvu. Akaizima, akaiwasha, akaipiga kofi ubavuni kama mtu anayeamsha mume mlevi. Kistari kikapepesa tu.

"Shangazi, uliweka nakala mahali?" Siwatu akauliza.

"Nakala ni za watu wasiojiamini!"

"Basi jiamini sasa."

Akaitwa Mzee Chande. Akaisikiliza kompyuta kwa sikio, akatikisa kichwa. "Virusi vimeingia, dada. Na daftari la ndani, lile linaloiambia kompyuta kitu gani kiko wapi, limechanika. Nifungue nitoe diski kuu?"

"Hupasui! Mtambo wangu hautolewi utumbo mbele yangu."

"Basi ni dawa ya kunywa. Na hii imezeeka, haikubali kuwashwa kwa flashi, inakubali diski tu. Matabibu watatu watahitajika, yaani programu tatu: wa kwanza afukuze virusi, wa pili ashone daftari, wa tatu aiwashe kompyuta bila kuigusa ile roho yake mbovu, tuutoe mchoro. Kila tabibu ana diski yake." Akajaribu kimlango cha diski, kikakataa. "Lo! Na mlango umekufa springi. Nitaufungua kwa pini mara moja. Ukishafungwa, sikuahidi mara ya pili."

"Matabibu watatu, mlango mara moja," Bi Havijawa akasema. "Sasa waingie wamebebana?"

"Ndiyo," Kidawa akajibu taratibu kutoka mlangoni. "Wabebane, mama. Wote katika diski moja."

Bi Havijawa akamtazama mkwewe kama anayemwona mara ya kwanza. Kisha hasira, ile ya mtu aliyeishiwa njia, ikamtoa maneno mbele ya wote watatu: "Atakayeifufua kompyuta hii, jina la kanga ni lake! Aandike analotaka, hata kama ni kunitukana mimi!"

Wakatazamana. Jina la kanga si kitu kidogo, wenzangu. Unaandika neno moja, na viuno vya mji mzima vinalisema kwa niaba yako hadi kwenye misiba.

Kazi ikaanza. Mjini zilikuwa zimebaki diski nne tupu, zote katika pakiti moja yenye vumbi. Wakakubaliana kila moja ijaribiwe kwanza kwenye kompyuta ya Mzee Chande, maana ule mlango mwingine hauna majaribio.

Siwatu akaingia uvunguni mwa kitanda. Akatoa maboksi matatu na buibui wawili, akachambua diski sitini na moja, akawapata matabibu wote. Kila mmoja alikuwa diski nzima iliyokunjwa ikawa faili moja, kama shuka lililosokomezwa ndani ya foronya. Diski ya kwanza ikachomwa, ikaharibika: matabibu walikuwa wanene mno, wa tatu akakatwa miguu. Siwatu akarudi, akawafungua mmoja mmoja, akawatoa lugha za Wachina, picha za milima na michezo ya karata, kama mtu anayetoa mawe kwenye mchele, mpaka wakaenea. Bila yeye kusingekuwa na tabibu hata mmoja.

Kidawa akaketi kumwandika bawabu. Ukiwarundika matabibu ovyo, kompyuta inaona mizigo, haioni mtu wa kumwamsha, lazima akae mmoja mlangoni aulize, "Unamtaka nani?" Diski ya pili ikachomwa, ikaharibika: matabibu wawili walikuwa na chumba chenye jina moja, aliyeingia mwisho akamlalia mwenzake. Kidawa akampa kila mmoja nyumba yake na jina lake, akamfundisha bawabu njia ya kila nyumba, nukta kwa nukta. Bila yeye matabibu wangebaki kukanyagana.

Mzee Chande akachoma. Diski ya tatu ikafika nusu, umeme ukakatika.

Hapo Bi Havijawa alipiga ukelele hadi muuza magimbi akasimama barabarani. Ilikuwa Jumatano alasiri. "Siku tatu! Nauliza kwa heshima kabisa: mnachoma diski au mnachoma mihogo? Maana mihogo ingekuwa imeiva!"

"Dada, kelele haziongezi umeme," Mzee Chande akasema.

"Na ulimi wako haupunguzi wazimu wangu! Ndiyo maana Bi Mosi..." Akajizuia. Lakini lilikuwa limeshatoka.

Mzee Chande akainuka. Alikwenda akang'oa betri ya gari bovu la jirani, akaunga nyaya, akashusha mwendo wa mashine hadi chini kabisa, akaichoma diski ya nne, ya mwisho, huku ameikalia kama kuku. Alhamisi asubuhi akanyoosha pini ya ushungi wa Kidawa, akaitia kwenye kitundu kisichopitisha hata sisimizi, akausikiliza mlango, akaufungua. Bila yeye maarifa yote ya wale wawili yangebaki nje ya mlango.

Diski ikaingia. Mlango ukajifunga, tak, kwa mara ya mwisho.

Giza. Kile kistari kikapepesa.

"Imekataa," Bi Havijawa akasema. "Basi. Mwambieni dereva asije."

Diski ikaanza kuvuma. Bawabu akajitokeza, mistari mitatu myeupe. Kidawa akabonyeza wa kwanza, virusi vikatoka. Kompyuta ikazimwa na kuwashwa, bawabu akauliza tena. Wa pili akalishona daftari. Ikawashwa tena, wa tatu akaamka, na pale kwenye kioo yakachanua maua ya Bi Havijawa, pindo na mji, hakuna jani lililopungua. Chini, penye jina, palikuwa peupe.

Saa tano na robo. Hakuna aliyeshangilia, kila mtu alikuwa anapangusa kalamu.

Siwatu akawahi. "Shangazi, andika: UMEOKOTA SUFURIA, UKOKO NIMESHAKULA. Yule shoga yangu atainunua bila kusoma, avae harusini mbele za watu. Miaka minne nimenyamaza. Matabibu ni wangu."

"Bila bawabu matabibu wako ni mzigo tu, wifi," Kidawa akasema. Akamgeukia mkwewe, macho chini, sauti laini kama samli. "Mama, uliapa. Langu ni: ULIMZAA WEWE, NINAMLEA MIMI."

Bi Havijawa alijua fika neno hilo linakwenda nyumba gani, jiko gani, na vijiko vipi.

"Mzee Chande?"

Fundi alikuwa anaiviringisha ile pini. "Mosi hajibu barua zangu. Simu yangu ameifungia. Lakini kanga mpya haijawahi kumpita, hilo unalijua. Andika: ULIMI ULIKOSA, MOYO HAUKUWEMO, RUDI. Sina njia nyingine ya kumfikia, dada."

"Ungemwambia hayo miaka mitatu iliyopita!" Siwatu akaruka. "Mimi niliachwa, sikumfukuza mtu!"

"Mlango niliufungua mimi."

"Uliufungulia nani, kama si matabibu wangu?"

"Na wangeingiaje bila mimi kuwapa nyumba?"

Bi Havijawa akaziba masikio. Kisha, kwa kukata tamaa, akasema, "Kelele! Diski imewabeba watatu, kanga itashindwaje?" Akayaunganisha, akasoma kwa sauti: "UMEOKOTA SUFURIA, NINAMLEA MIMI, RUDI."

Muuza magimbi wa jana, aliyerudi akasimama dirishani, akacheka mpaka akaweka sinia chini.

Akajaribu kupanga upya. Ikawa mbaya zaidi: ulimi ukawa ndani ya sufuria na Bi Mosi akawa amezaa. Alitaka kulia. Diski ina nyumba nyingi na bawabu wa kuuliza unamtaka nani. Kanga ina mstari mmoja, na anayeisoma hapewi nafasi ya kuchagua. Aliache peupe? Kiwanda hakipokei kanga isiyo na jina. Aandike lake mwenyewe? Ameapa mbele ya watu, na kijijini kiapo husahaulika, lakini mtaani kwetu nipo mimi.

Nje, gari la kiwanda limesimama. Dereva anapiga honi, anaonyesha saa yake. Vidole vya Bi Havijawa viko juu ya vitufe, na nyuma ya mabega yake pumzi tatu zinamuunguza shingo.

Mwingine kati yenu atasema tabibu ndiye dawa. Mwingine atasema dawa bila mpangilio ni sumu. Mwingine atasema mlango usipofunguka vyote hivyo ni porojo. Na mwingine, namwona pale anavyotabasamu, atataka kupima nani ana uchungu zaidi badala ya nani amefanya zaidi. Semeni mtakavyo, ila asiniambie mtu "la wote", maana hilo limejaribiwa na mmesikia lilivyosomeka.

Saa sita kasorobo. Kiti cha Bi Havijawa nakupa wewe: ungeandika jina la nani?