Kiboko Alivyochagua Boti ya Sherehe

Jamani, mpo?
—Tupo.
Masikio mmekuja nayo?
—Tumekuja nayo.
Basi yashikeni vizuri, maana mdomo wangu ukishaondoka haujui kusimama.
—Na uondoke.

Kabla haujaondoka, nitubu kidogo. Ngano hii niliwahi kuisimulia kwenye arusi moja, nikafanya ubaya. Badala ya kumwita Kiboko kwa jina lake, nikamwita Mzee Mkumbukwa, jirani yangu, kwa sababu wiki ile alikuwa amenikatalia ngazi. Watu wakacheka mpaka chai ikamwagika. Yeye akachukua kofia yake akaenda zake, na biriani ilikuwa haijaletwa. Mwenyezi Mungu ananijua, mimi ni mtu wa kisasi kidogo kidogo. Nimeshamwomba radhi, na amenisamehe, ila ngazi bado hajaniazima. Kwa hiyo leo Kiboko ni Kiboko, wala simsemi mtu.

Alikuwapo Kiboko, ana mwili na ana kibali. Kibali chenyewe cha kupeleka watalii kisiwani, kwenye ziwa moja kubwa huko bara. Na alikuwapo Pimbi, yule mnyama mdogo wa kwenye mawe, asiye na mkia, fundi wa mbao. Mwaka huo ziwa lilikuwa limefura, maji yameingia kwenye mawe ya akina Pimbi. Mke wake, watoto wake na ndugu zake saba wakawa wanalala juu ya rundo la magogo, na mvua za masika zinakuja. Ndipo Kiboko akamwita.

"Fundi, watalii wa siku hizi hawataki boti tupu. Swala anakuja na keki yake ya kuzaliwa. Pundamilia yuko fungate. Wote wanataka boti yenye sura. Kule ng'ambo Mamba ana boti ya mtindo wa pango, inajaa kila siku. Nitengenezee ya kwangu. Nikiipenda, wewe ndiye nahodha, na chumba cha nyuma utakaa wewe na watu wako."

"Chumba chote, Mzee?"

"Chote. Nimeshasema."

Pimbi akageuza magogo yake kuwa mbao, akaingia kazini. Kwa-kwa-kwa, nyundo. Krr-krr-krr, msumeno. Akaipa boti sura ya kasri: minara minne, milango ya kuchonga, viti thelathini vya wageni. Kiboko akaja, puu, puu, puu. Akaizunguka mara moja. Akaizunguka mara mbili.

"Nzuri," akasema. "Lakini mimi nitakaa wapi?"

"Mzee, wewe ndiye mwenye kampuni. Unabaki gatini, unapokea wageni."

"Kasri bila sultani? Toa viti kumi vya mbele, niweke mwili wangu."

Pimbi akavuta pumzi, akaimeza. Akatoa viti kumi. Kiboko akakaa, mff, boti ikainama mbele kama inasujudu.

"Haifai. Kasri linaniumiza kiuno. Badilisha."

Kwa-kwa-kwa. Krr-krr-krr. Pimbi akavunja minara, akaipa boti sura ya bustani: majani mabichi kingoni, maua juu ya paa, vikapu vya nyasi vinaning'inia. Kiboko akaja, puu, puu, puu. Akaizunguka mara moja. Akaizunguka mara mbili.

"Nzuri. Lakini mimi nitakaa wapi?"

"Pale mbele, Mzee. Nimepaacha."

"Bustanini mtu hakai, anajilaza. Toa viti kumi vya katikati."

Pimbi akavuta pumzi, akaimeza. Akatoa viti kumi. Kiboko akajilaza, akanusa kulia, chap-chap-chap. Akanusa kushoto, chap-chap-chap. Kufika alasiri hapakuwa na bustani, palikuwa na kamba za vikapu.

"Haifai. Bustani gani haimalizi hata siku moja? Badilisha."

Jioni mke wa Pimbi akamuuliza, "Mume wangu, ile boti umeimaliza?"

"Nimeimaliza leo. Niliimaliza na wiki iliyopita. Nadhani nitaimaliza na wiki ijayo."

Asubuhi akamwendea Kiboko. "Mzee, hebu nisaidie. Wewe mwenyewe unataka nini?"

"Ningejua ningekuita wewe? Nataka ile ambayo nikiiona tu, nasema ndiyo hii."

Kwa-kwa-kwa. Krr-krr-krr. Pimbi akaipa boti sura ya mwezi, nyeupe pe, imechongoka huku na huku. Kiboko akaja, puu, puu, puu. Akaizunguka mara moja. Mara ya pili hakuizunguka.

"Nzuri. Lakini miguu yangu itakaa wapi? Kivunje kile chumba cha nyuma."

"Chumba cha nyuma ni changu, Mzee. Ulisema."

"Nilisema nikiipenda. Nimeipenda? Sijaipenda. Na wewe, mtu hata mkia huna, chumba cha nini? Unataka kulaza nini?"

Nyuma yake watoto wa Pimbi walikuwa wamekaa kwenye majani yaliyolowa, chii, chii, wanapiga chafya. Pimbi akavuta pumzi. Safari hii hakuimeza. Akaondoka nayo mpaka kwa Bi Korongo, msimamizi wa gati, aliyekuwa amesimama kwa mguu mmoja akiandika kwa mwingine.

"Bi Korongo, boti ile ni ya nani?"

"Boti iliyo nchi kavu haina mwenyewe, mwanangu. Ni mbao tu. Mpaka siku ya kuishua, wavute kamba, iingie majini. Ikiingia, waliovuta wanakula. Aliyewalisha ndiye ninayemwandika mwenye boti. Na yeye haonji hata punje kabla wavutaji hawajashiba. Akionja, amejifanya mvutaji, na mvutaji anashika kamba msimu mzima. Hapa gatini ndivyo tulivyo."

"Na kuonja chumvi je?"

"Chumvi inaonjwa kwa ncha ya ulimi, halafu unatema. Kama wapishi wa mwezi wa Ramadhani. Mbona unauliza?"

"Mke wangu ndiye atakayepika, na ana mafua."

Akarudi kwa Kiboko. "Mzee, nimepata. Boti ya mtindo wa arusi. Vitambaa vyekundu, taa, masinia, na sufuria kubwa la pilau. Kila safari ni karamu."

Kiboko akafumbua jicho moja. "Sufuria liko upande gani?"

"Utakapotaka wewe."

"Ndiyo hii," akasema Kiboko. Hakuzunguka wala hakuuliza pa kukaa. "Mchele na vitunguu chukua kwangu. Ishue Jumamosi. Na chumba cha nyuma tutakizungumza."

"Tutakizungumza, Mzee."

Jumamosi asubuhi watu wakajaa ufukoni. Ndugu saba wa Pimbi wakashika kamba, na ngedere ishirini nyuma yao. Bi Korongo akawasomea wote ile kanuni, neno kwa neno, kisha akamgeukia Kiboko.

"Umesikia, Mzee?"

"Masikio yangu madogo lakini hayana nta. Endeleeni. Mimi nalinda sufuria."

Haya vuta! —Twende! Haya vuta! —Twende! Kwiii, boti ikasogea. Kiboko akakaa kando ya sufuria, mvuke wa bizari na karafuu unampita puani. Akageuza uso kulia. Mvuke ukaja kulia. Akageuza kushoto. Ukaja kushoto.

Pimbi akaja mbio, jasho linamtoka, akamnong'oneza. "Mzee, nina wasiwasi. Mpishi ana mafua, hasikii ladha. Kama chumvi haikukolea, wavutaji watatuaibisha mbele ya watalii."

"Onja wewe."

"Mimi na mdomo huu? Nikionja najua habari ya upande mmoja tu. Sufuria lote hili linataka mdomo unaolitosha."

Nanyi nisiwafiche, chumvi ilikuwa sawa. Pimbi alishaionja alfajiri, akatema. Hapo alisema uongo, Mungu amsamehe.

"Kuonja chumvi si kula," Kiboko akasema.

"Mimi sijasema kitu, Mzee."

Kiboko akaonja upande wa kulia, chap. Akaona ajue na wa kushoto, chap. Lakini katikati je? Chap-chap. Na chini, ambako chumvi hutuama? Chap-chap-chap-chap. Haya vuta! —Twende! Boti ikaingia majini, bwaa, watu wakapiga vigelegele, na wavutaji wakaja wanajipangusa, wanauliza pilau liko wapi. Kiboko alikuwa na ukoko kwenye sharubu.

Wavutaji wakachungulia ndani ya sufuria. Tupu.

"Nilikuwa naonja chumvi," akasema Kiboko.

Bi Korongo akateremsha mguu wake wa pili, jambo ambalo halifanyi mara nyingi. "Vizuri. Anayeonja chumvi hutema. Tema."

Kiboko akatazama sufuria. Akatazama tumbo lake. Hakutema.

Hapo Pimbi akafungua mlango wa chumba cha nyuma. Ndani yake mlikuwa na vikapu vya mihogo ya kuchoma na mahindi ya kuchemsha, kazi ya mke wake, mafua na yote. Ngedere wakala. Ndugu saba wakala. Walipofuta midomo, Bi Korongo akaandika jina la Pimbi, akauliza kama liandikwe kwa herufi kubwa. Pimbi akasema ndogo inatosha. Kisha akamtolea Kiboko kamba, kwa adabu, kwa mikono miwili.

"Shika hapa katikati, Mzee. Watalii wa kwanza wanakuja saa nne."

Kiboko akaishika. Na mvua ya kwanza ilipoanza kupiga juu ya paa la boti, watoto wa Pimbi walikuwa ndani, pakavu, wanagombania dirisha. Ndugu saba walikuwa nje, wameinua vichwa. Wa kwanza akasema, "Kaka, kwani huu mtindo wa arusi utadumu? Mimi ningependa kasri." Wa pili akasema bustani. Wa tatu alikuwa anawaza pango.

Pimbi akavuta pumzi.

Ngano yangu nimeiweka chini. Mwenye kuitaka aiokote, aliyeshiba aiache hapo.
—Tumeiokota.

Na fundisho lake ni hili: uongo ni mbaya sana, ndugu zangu. Tazameni yaliyompata Pimbi kwa ule uongo wake wa chumvi. Ana boti yake, ana nyumba isiyovuja, watalii wanampigia makofi kila Jumamosi, hana hata nafasi ya kujuta. Kiboko aliyesema kweli kwamba anaonja, anavuta kamba.

Sasa nawaomba jambo moja. Mkifika nyumbani, waambieni watoto kwamba uongo ni mbaya. Hiyo habari ya boti msiwaambie.