Swala Ndefu ya Dhakwan

Wasimulizi wa zamani wanatuhadithia kwamba katika kijiji kimoja cha jangwani, kilichoishi kwa mfereji mmoja tu utokao chini ya jabali, alikuwako bibi mchamungu aitwaye Atika. Alilea wajukuu mayatima, na riziki yao yote ilikuwa mitende michache. Zamu yake ya maji ilianza alfajiri na kuisha jua likichomoza.

Sasa sikilizeni ada yao. Swala ikikimiwa, maji hayapelekwi shambani kwa mtu. Yanaingia birika la msikiti mpaka imamu atoe salamu. Birika likijaa, yanayofurika yanapita nyuma ya ukuta. Na nyuma ya ukuta pana shamba la nani? La imamu mwenyewe, Dhakwan.

Basi bwana huyo, kila alfajiri, ni Suratul-Baqara, sura ndefu kuliko zote, tena kwa madaha. Watu wakamsifu kwa uchamungu, wengine wakilia machozi huko nyuma safuni. Akija kutoa salamu, jua linachungulia na zamu ya Atika imekwisha. Mitende ya mayatima ikaanza kukauka. Atika, masikini, akajilaumu mwenyewe: aliona ni dhambi kuwaza maji ndani ya swala, akaleta istighfari, akasubiri. Lo! Mja anatubia dhambi ya mwizi wake!

Hata siku moja, akitoka msikitini, alipita nyuma ya ukuta, miguu ikazama kwenye tope. Akainua macho, akaiona mitende ya Dhakwan imeelemewa na tende. Hasira zikampanda. Lakini hakutukana mtu. Alirudi nyumbani, akawapikia wajukuu zake kile kidogo kilichobaki.

Alfajiri ya pili, kabla ya swala kukimiwa, alisimama mbele ya jamaa.

"Imamu wetu," akasema, "sikuombi ufupishe swala. Naomba tuizibe njia ya maji iendayo kwako, yakifurika yaje kwa mayatima. Kisha utusomee upendavyo."

Watu wakaziba kwa tope, wakanawa, wakapanga safu. Imamu akasoma Alhamdu, akasoma Kulhuwallahu, akarukuu.

Walipotoa salamu, nje bado kulikuwa na giza. Hakuna aliyemtazama Dhakwan usoni. Bibi Atika alichukua jembe lake akaenda kupokea maji.

Ndugu zangu, Mwenyezi Mungu atukinge na anayemwibia yatima huku ameelekea kibla, na sisi tuliosimama nyuma yake tukiitikia amina.