Kadi za Skauti Zilizoanikwa Jikoni

Hapo zamani, na msidhani ni zamani ile ya fisi kuvaa kanzu, ni zamani ya juzijuzi tu, watu wana simu na vocha hawana, kulikuwa na kundi la skauti huko Rungwe. Sogeeni karibu. Hadithi hii mkiisikia kwa mwingine, jueni ameiiba kwangu, tena kaiharibu. Na ninyi mliosoma kaeni mbele kabisa, maana mwisho kuna swali, na halijawahi kutoka kwenye mtihani wenu wowote.

Rungwe mvua hainyeshi, inaishi pale. Shati ukilianika Jumatatu unalivaa Alhamisi, na bado linakubusu baridi mgongoni.

Kila skauti alikuwa na kadi. Ukifunga mafundo yakashika, unatiwa saini kwenye kadi, unapewa beji, unaishona kifuani. Ukimbeba mgonjwa kwa machela asidondoke, saini, beji. Ukivuka mto kwa kamba, saini, beji. Beji ni ya kuringia mtaani. Kadi ndiyo yenye neno. Kadi zote zilikaa kwenye sanduku moja, na sanduku lilikaa kwa Atuganile, mtunza kadi, msichana ambaye hata akila peremende, karatasi yake anaikunja na kuitia mfukoni.

Mwaka huo habari ikaja kutoka wilayani: kila kundi lipeleke skauti mmoja, mmoja tu, kwenye kambi ya viongozi. Akirudi, ndiye atakayewafundisha wenzake. Sharti lake, awe na kadi iliyojaa. Watu wakageuza shingo wakamtazama Lugano.

Lugano alikuwa kijana mrefu, maneno mengi, kifua kimejaa beji mpaka mfuko hauonekani. Umri wake ulikuwa unamtupa mkono: mwakani asingeruhusiwa tena kwenye kambi hiyo. Akiikosa hii, basi. Aliitaka kambi ile kuliko alivyotaka kula, na Lugano kwa kula hakuwa mtu wa mchezo.

Lakini shati lile lenye beji lilikuwa la kaka yake, Anyitike, aliyekwenda Chunya kutafuta dhahabu. Shati zuri pale kwao halizeeki na mtu mmoja. Linashuka kutoka kwa kaka hadi kwa mdogo, na beji zake. Mama yao alisema, "Usizifumue, kitambaa kitachanika." Lugano akatii, na siku hiyo alitii haraka kweli. Mtu akimsifia, hasemi ndiyo, hasemi siyo. Anakohoa kidogo, anapandisha kifua. Beji zake mwenyewe zilikuwa mbili, mafundo na mapishi. Zilizobaki zote za Anyitike. Kundini waliojua ni kiongozi wa zamani, ambaye ameshahamishwa, na yule msichana mwenye sanduku.

Basi, wiki moja kabla ya jina kupelekwa, Atuganile akafungua sanduku akakuta kadi zimeota ukungu. Akafanya ambalo kila mtu Rungwe hulifanya kwa kitu chenye unyevu. Akazipeleka jikoni kwa bibi yake, akazipanga kwenye uchaga juu ya mafiga, pembeni ya mahindi ya mbegu. Zikakauka vizuri. Zikakauka mno. Bibi akapuliza moto wa chai, cheche ikaruka, na hadi anaita, "Atu, mwanangu, hebu njoo uone," kilichokuwa kimebaki pale juu ni mahindi ya kuchoma.

Kiongozi mpya wa kundi, Mwalimu Subilaga, hakufoka. Aliwakusanya darasani akawaambia, "Kadi tutaziandika upya. Beji moja, shahidi mmoja. Aliyekuona ukifanya aje aseme mbele yangu. Asiye na shahidi arudie jaribio. Jumamosi napeleka jina."

Sasa watazameni hawa watatu.

Ipyana, wa kwanza, mashahidi wake walishamaliza shule wakatawanyika, huyu Mbeya, huyu Dar. Akasema, "Simtafuti mtu. Narudia." Akarudia mafundo, vidole vikachubuka. Akarudia machela, bega likavimba. Akarudia moto: njiti mbili za kiberiti na kuni za Rungwe, zile ambazo ukizikamua unapata maji ya kunawa. Yuko magotini anapuliza, Atuganile akamfikia.

"Ipyana, wewe ndiye uliyemwona Tumpe akivuka mto. Njoo umshuhudie mara moja."

"Dada, huoni napuliza?"

"Mtoto anauogopa ule mto. Mara ya kwanza alivuka kwa bahati tu."

"Kila skauti na kadi yake," akasema Ipyana, akainama tena.

Moto wake ukawaka. Na Tumpe, mtoto wa darasa la tano, akaurudia mto huku analia.

Wa pili ni huyohuyo Atuganile. Yeye alitembea. Bulyaga, Katumba, mpaka Kiwira. Akaingia kwa wachuma chai, akaingia kwa wauza ndizi, kote anauliza: "Ulimwona fulani akifanya hili?" Aliyeona, alimkokota mpaka kwa Mwalimu. Kadi za wadogo zikajaa, moja baada ya nyingine. Hata ya mtundu mmoja, aliyembandika jina la Mama Moto tangu kadi ziungue, ikajaa. Yake je? Kila akikaa aitafutie mashahidi, mtoto anabisha hodi. Mpaka Ijumaa kadi yake ilikuwa nusu nyeupe.

Wa tatu, Lugano. Huyu hakutembea wala hakurudia. Mashahidi walimfuata wenyewe. "Lugano? Huduma ya kwanza? Anayo, nimeiona." "Kuvuka mto? Anayo siku nyingi." Wala hawakuwa waongo. Waliona kitambaa wakadhani wameona kazi. Saini, saini, saini. Kadi ya Lugano ikajaa kabla Ipyana hajamaliza kupuliza.

Alibaki mtu mmoja tu anayeujua ukweli. Akamvizia kwenye njia ya Katumba, akamkuta viatu mkononi, matope hadi magotini.

"Atu, kadi yangu ya zamani unaikumbuka?"

"Naikumbuka."

"Ilikuwa na ngapi?"

"Hivi wewe kuhesabu hadi mbili kunakushinda?"

Lugano akakohoa kile kikohozi chake. Safari hii hakikufua dafu. "Utamwambia Mwalimu?"

"Mimi niliyechoma ushahidi, nitashtaki kwa mdomo upi? Jitazame wewe na shati lako. Na kama huna kazi, Tumpe yuko pale mtoni, amelowa. Msindikize kwao."

Akamsindikiza. Mtoto meno yanagongana, lakini macho yako kifuani kwa mwenzake. Akaigusa beji ya mto kwa kidole. "Kaka Lugano, na wewe ulilia ulipovuka?"

Lugano hajawahi kuvuka mto ule hata kwa daraja. Bingwa wa maneno akaifunika beji ile kwa kiganja. Mpaka wanafika kwa kina Tumpe, kiganja bado kiko pale.

Jumamosi kundi likakusanyika. Lugano akasimama na wembe mkononi, wengine wakajivuta nyuma. Akaanza kufumua. "Hii ya Anyitike." Akaiweka mezani. "Hii ya Anyitike." Akaiweka mezani. "Na hii ya Anyitike." Shati likabaki na madoa ya rangi mbichi pale ambapo jua halikuwahi kufika. "Zangu ni hizi mbili. Walionishuhudia hawakudanganya. Mimi ndiye niliyewaacha waamini." Kisha akachukua kalamu, akaikata kadi yake mstari kwa mstari, akabakisha miwili.

Mtoto mmoja akanyoosha mkono. "Mwalimu, na shahidi wangu aliiona beji tu." Akasimama mwingine. Akasimama mwingine. Hadi jua la mchana, kadi nyingi zilikuwa zimepungua uzito, ila hakuna aliyenuna. Walipanga kuanza majaribio Jumatatu, na Tumpe akajitolea kumfundisha Lugano kuvuka mto, kwa sharti kwamba kulia ni ruksa.

Ikabaki ile nafasi moja. Mwalimu alikuwa amepiga simu wilayani, wakamjibu kwamba kwa kundi lililounguliwa, sharti la kadi kujaa nalo limeungua. Alete jina la anayemwamini.

Ipyana akasema, "Yangu imejaa, tena imejaa mara mbili. Kwa Tumpe nilikosa, nimeshamwomba radhi. Lakini jasho langu linajulikana."

Wadogo wakasema, "Bila Dada Atu tusingekuwa na kadi."

"Bila Dada Atu zisingeungua," akajibu Ipyana, na darasa zima likacheka, Atuganile akiwemo.

Kisha Atuganile akasema, "Mimi nitasema la Lugano. Jana wilaya wangeniuliza kama kadi hizi ni za kweli, ningetazama chini. Leo naapa kwa kila mstari. Nani ameleta hilo?"

"Kwa hiyo mtu akiacha kudanganya, anapewa zawadi?" akauliza Ipyana. "Sisi ambao hatukudanganya tupewe nini?"

Lugano kambi ile bado aliitaka. Alikuwa anaitazama ile kalamu mkononi mwa Mwalimu kama mwenye njaa anavyotazama sufuria ya mwenzake. Na Mwalimu naye kaishika, karatasi iko mbele yake, hajaandika.

Na wewe unayefungua mdomo useme waende wote, ufunge. Nafasi ni moja. Kuna Ipyana, aliyeijaza kadi yake kwa jasho. Kuna Atuganile, aliyezijaza za wenzake yake ikabaki nusu nyeupe. Kuna Lugano, aliyeifuta yake na za wengine zikapata kuaminika. Haya wasomi, kalamu hiyo hapo: mngeandika jina la nani?